Angella Okutoyi hajapotea, acheni kumtangazia msiba

Mitandaoni kuna watu kazi yao ni kutangaza misiba ya watu walio hai. Msanii akimaliza miezi sita bila kuachia ngoma, tayari "kafulia". Mchezaji akiuzwa timu ndogo, "kwisha habari yake". Sasa zamu imemfikia Angella Okutoyi, yule binti wa Kenya anayecheza tenisi. Swali ni lilelile kila mara: "Yule wa Wimbledon kaishia wapi?" Halafu wenye bando la kutosha wanamalizia wenyewe: kapotea, kaenda kusoma.

Kwanza turudishe kumbukumbu, maana wengine wanachangia mada bila kuijua. Angella amezaliwa Nairobi mwaka 2004, pacha. Mama yao alifariki mara baada ya kujifungua, bibi ndiye aliyewalea. Januari 2022 akawa binti wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, kule Australia, na akafika raundi ya tatu. Julai mwaka huohuo, Wimbledon, akacheza fainali ya wasichana wawili wawili pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza kwenye taibreka 11-9. Kenya ikapata taji lake la kwanza la Grand Slam, na kwa wiki moja hivi Afrika Mashariki nzima ilikuwa na wachambuzi wa tenisi. Hata wale ambao jana yake walikuwa hawajui kwa nini pointi zinahesabiwa 15, 30, 40.

Sasa hapa ndipo maneno yanapoanzia. Upande wa pili wa fainali ile walikuwepo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko ni huyohuyo, binti wa wazazi waliotoka Kongo, ambaye Agosti 2025, akiwa na miaka 18, alibeba ubingwa wa Canadian Open pale Montreal. Aliwatoa Coco Gauff na Elena Rybakina, kisha fainali akamfunga Naomi Osaka. Basi watu wakipiga hesabu: Angella alimfunga Mboko 2022, Mboko leo anacheza na wakubwa, kwa hiyo Angella kachezea bahati.

Hesabu hiyo ina tobo kubwa. Mboko amekulia nchi ambayo chama chake cha tenisi kina makocha, viwanja vya ndani na pesa za kumsafirisha mtoto aliyeonyesha dalili. Angella amekulia kwa bibi. Siku ile ya Wimbledon walisimama kwenye nyasi moja, ila kesho yake kila mmoja alirudi kwao.

Na huko "kwao" ndiko gharama zinapouma. Mchezaji wa tenisi anayeanza hana klabu inayomlipa mshahara. Anajikatia tiketi, anajilipia hoteli, kocha ni juu yake, visa ni juu yake, hata nyuzi za raketi zikikatika ni zake. Mashindano madogo kabisa ya kulipwa ya wanawake yana mfuko wa dola 15,000, na hiyo si ya bingwa peke yake, wanagawana wachezaji wote. Ukitolewa raundi ya kwanza unaondoka na kitu kisichofika dola 200. Toa nauli ya ndege hapo uone kinachobaki.

Kwa hiyo mwaka 2023 alipoenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alikuwa anatafuta pa kukaa bila kudaiwa. Chuo kinakupa kocha, viwanja, gym, daktari, mechi kila wiki na elimu juu. Danielle Collins alipita njia hiyo, akawa bingwa wa vyuo mara mbili kabla ya kufika fainali ya Australian Open 2022. Emma Navarro naye alianzia chuoni, na 2024 alicheza nusu fainali ya US Open. Hao hawakuitwa waliopotea.

Isitoshe, huyo "aliyepotea" Machi 2024 alikwenda Accra kwenye Michezo ya Afrika akarudi na dhahabu ya singo. Dhahabu hiyo ingeweza kumpeleka Olimpiki ya Paris, lakini kulikuwa na sharti la kuwa ndani ya 400 bora duniani, na yeye hakuwemo. Hapo kweli mtu anaweza kulalamika. Viwango hupandishwa kwa kucheza mashindano mengi, mashindano mengi yanataka pesa, na aliye chuoni hawezi kuzunguka dunia mwaka mzima. Hiyo ndiyo bei aliyolipa. Inauma, lakini si sawa na kusema kaisha.

Tena watu wanasahau mchezo huu unavyochelewa kulipa. Simona Halep ametoka Constanța, mji wa bandari kule Romania, mji ambao mtu wa Tanga angeuelewa haraka: meli, upepo wa bahari na vijana wanaowaza mji mkuu. Akiwa na miaka 16 alihamia Bucharest kufuata mazoezi. Mwaka 2008 alishinda Roland Garros ya vijana. Ile ya wakubwa aliishika 2018. Miaka kumi! Kwa kasi ya komenti za huku, Halep angezikwa mara tano na arobaini zikasomwa.

Na hapa Tanga je? Mtoto wa kiume wa Ngamiani akiwa na mguu mzuri, mtaa mzima unajua afanye nini. Atacheza mchangani, ataonekana, atawaza Coastal Union na Mkwakwani, atasimuliwa ubingwa wa 1988 mpaka aukariri. Dada yake akiwa na mkono mzuri wa raketi, hiyo raketi yenyewe ataiona wapi? Akiipata, wa kucheza naye ni nani? Mashindano ya vijana ya kimataifa yanafanyika Nairobi, na kwa mtu wa Tanga kuvuka Horohoro kwenda Mombasa ni karibu kuliko kwenda Dar. Basi lipo. Ila mzazi gani wa Makorora atatoa nauli, ada ya kujiandikisha na siku za kukaa huko, kwa mchezo ambao majirani wanauita wa wazungu? Na siku binti huyo akipata nafasi ya chuo nje, watu walewale wataandika kuwa kapotea, mzazi mwingine atasoma, naye atamwambia bintiye aachane na hiyo raketi akasaidie dukani.