GARI LA CHAMA NI LA GUNIA, SI LA KITAMBI

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu unakaribia, na ajenda ya gari imekwisha kuanza kujadiliwa barazani, gatini na chini ya miembe. Kila mtu ana gari lake mdomoni. Huyu anataka Hilux, yule Land Cruiser, wa tatu Ford Ranger, na wazee wetu bado wanaililia Land Rover. Ni jambo jema. Mali ya wengi lazima ibishaniwe na wengi. Lakini limezuka wazo moja ambalo sisi waandishi wa ubao huu tunalipinga mchana kweupe: eti chama kinunue pikapu mpya ya milango minne, yenye kiyoyozi, "ili viongozi wetu nao waheshimike wakienda Kibiti".

Waheshimike na nani? Heshima ya kiongozi wa ushirika ni hesabu safi, na korosho ya mwanachama kufika ghalani ikiwa kavu. Nchi hii ilikwisha kuwaita watu "wabenzi" kwa sababu ya kupenda magari ya fahari. Baadaye likaja neno "mashangingi". Tusije tukazaa neno la tatu hapa Salale.

Hebu tuanze na kazi, ndipo tuje kwenye gari. Kazi yenyewe tunaijua: korosho, nazi, mpunga, samaki na kaa, kutoka vijijini mpaka barabara kuu, na kurudi na saruji, mabati na pembejeo. Njia zetu ni mchanga wakati wa kiangazi, na masika ni tope la mfinyanzi linaloshika kama ulimbo. Maji ya bamvua yakipanda, chumvi inafika mahali gari linapita. Basi gari letu litapimwa kwa mambo manne: mzigo, tope, chumvi na fundi. Kiyoyozi hakimo.

MZIGO. Hilux ya milango minne, bodi lake la nyuma lina urefu wa kama mita 1.5. Ya milango miwili lina kama mita 2.3. Hizo mita zinazopotea zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye kiti cha mheshimiwa. Ukihesabu gunia la kilo 80, tani moja ni gunia 12 na kidogo. Gunia hizo zinataka mahali pa kulala, na mwenye jasho lake ndiye mwenye gunia. Kila kiti tunachokiongeza nyuma ya dereva tunakilipia kwa safari za ziada na dizeli ya ziada, mwaka hadi mwaka.

TOPE. Hapa tusidanganywe na sifa za mbali. Wapo wanaotukumbusha kwamba mwaka 1987 askari wa Chad, wakiwa juu ya pikapu za Toyota, waliwashinda Walibya waliokuwa na vifaru. Ni kweli. Lakini kule ni jangwa, mchanga mkavu. Hapa gari linashindana na udongo unaonyonya. Vitabu vya watengenezaji vinasema Ranger inaweza kupita maji ya kina cha milimita 800, na Hilux 700. Tofauti hiyo ni kama upana wa kiganja. Wewe uliyeona masika ya Aprili 2024, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakiwa ziwa, sema mwenyewe: kiganja kimoja kingekusaidia nini? Na mwezi Mei mwaka uleule mvua za kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya kusini pale Somanga. Palipokatika daraja, gari la bei mbaya na gari la bei nafuu husimama foleni moja.

Wengine wanapenda ule mkonga wa kuvutia hewa, unaopanda kando ya kioo. Mkonga ni mzuri, unazuia maji yasiingie kwenye injini. Lakini hauzuii maji kuingia kwenye difu, wala kwenye beringi, wala kwenye nyaya za umeme. Mkonga haugeuzi gari kuwa mtumbwi. Kinachopitisha gari kwenye tope ni magurudumu manne yanayovuta, gia nzito, tairi lenye meno, na dereva anayejua kupunguza upepo kwenye mchanga na kuujaza tena akifika lami.

CHUMVI. Hapa wazee wana hoja, na tunawapa haki yao. Bodi la Land Rover ya zamani ni la aluminiamu, haliliwi na kutu kama bati la chuma. Ile One Ten iliyotoka mwaka 1983 huvuta magurudumu yote manne wakati wote. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na chesisi ndiyo uti wa mgongo. Isitoshe, kiwanda kilikomesha umbo lile la zamani tarehe 29 Januari 2016, na Defender ya sasa ni gari jingine kabisa. Tukinunua One Ten leo tunanunua gari la mtu aliyekwisha kulichoka. Mapenzi ya zamani tuyaweke kwenye hadithi, tusiyaweke kwenye bajeti.

FUNDI. Hili ndilo jambo kubwa, na ndilo halisemwi. Land Cruiser nyingi za kazi zina injini ya 1HZ, iliyoanza mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta. Hilux za zamani zenye injini ya 3L nazo ni hivyo hivyo. Fundi mwenye spana na masikio anazimudu. Pikapu mpya za leo, ziwe Hilux ziwe Ranger, husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia vitundu vidogo mno, zikiongozwa na kompyuta. Zina nguvu na hazinywi sana, hatukatai. Lakini zinataka dizeli safi. Sisi dizeli yetu mara nyingi ni ya madumu, na maji kidogo ndani ya dumu yanatosha kuua nozeli. Hapo utamwita nani? Gari litabebwa juu ya lori mpaka Dar es Salaam, na korosho itangoja.

Sasa jamani, tuijibu hoja yao iliyo nzito. Wanasema: mgonjwa je? Mama mjamzito usiku wa mvua atakaa wapi? Ni swali la haki, na asiyelijibu hafai kuandika hapa. Jibu letu: pikapu ya milango miwili yenye kiti kirefu cha mbele hupakia dereva na watu wawili. Mama na mkunga wake wanakaa hapo, ndani, hawaloi. Nyuma tufunge turubai juu ya vyuma na tuweke godoro. Na kama gari la mama mjamzito kweli ndiyo nia, mbona kwenye pendekezo lao hatuoni machela, ila tunaona kiyoyozi?

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Land Cruiser ya milango miwili ndiyo ngumu kupita zote, lakini bei yake na unywaji wake wa dizeli vitatukausha. Chama kinunue Hilux ya milango miwili, yenye injini isiyotegemea kompyuta, iliyokaguliwa chesisi na fundi wetu tunayemwamini kabla hata senti haijatoka. Tukiagiza nje tukumbuke ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na tozo ya uchakavu kwa gari lililopita umri. Fedha ya tairi na vipuri itengwe kabla ya kununua. Kama ni mkopo, usivuke ukomo wa madeni tulioupitisha wenyewe mkutanoni. Kila safari iandikwe: nani, wapi, mzigo gani, lita ngapi, na karatasi ibandikwe hapa ubaoni kila mwisho wa mwezi. Na kila likitoka kwenye maji ya chumvi, lioshwe chini kwa maji baridi siku ileile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tusisahau pia kwamba wenzetu wa visiwani hawana barabara kabisa. Mzigo wao unakuja kwa mtumbwi na mashua mpaka ukingoni, na wao ni wanachama kama sisi. Fedha itakayookolewa kwa kuacha ile milango miwili ya ziada iwanunulie injini ya boti. Wao nao wanakatwa ile michango tunayokatwa sisi.

Wanachama, siku ya mkutano njooni wote, wanawake na vijana mstari wa mbele. Ushirika wetu una kura moja kwa kila mtu, hata awe na mkorosho mmoja. Msikae kimya halafu mkanung'unike kisimani.

Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzio asiyeona vizuri.

Sisi waandishi wa ubao,
Salale.