Simba wa Nane Nane, jongoo wa Bamburi na samadi mbichi unayonunua



Mwaka jana kwenye Nane Nane hapa Nzuguni nilikuwa nimepanga foleni na vijana watatu wa kikundi kimoja cha bustani, tunaelekea kuwaona wanyamapori. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Mabanda ya mbegu na matrekta yana watu wachache, kwa simba watu wamejaa mpaka hupumui. Tulipofika mbele, wenzake wakitoa simu kupiga picha, mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anaona aibu: "Bwana shamba, hivi kinyesi cha huyu simba kinafaa kwa nyanya?"

Wenzake wakacheka sana. Mimi sikucheka. Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa wiki ile, na leo naandika kulijibu, japo jibu litazunguka kidogo.

Kwa simba, hapana. Kinyesi cha mnyama anayekula nyama hakiingii kwenye bustani ya chakula, kwa sababu kinaweza kubeba mayai ya minyoo na vimelea vinavyomfikia binadamu. Mbwa na paka wako nyumbani wako kwenye kundi hilo hilo, kwa hiyo acha kuvitupia shimoni. Lakini pundamilia, twiga, pofu na swala wanakula majani. Hao kinyesi chao ni samadi kama ya ng'ombe wako.

Bustani za wanyama zimelijua hili zamani. Kule Seattle, Marekani, Woodland Park Zoo imekuwa ikikusanya kinyesi cha wala majani pamoja na nyasi za kulalia na majani yaliyopukutika, inavivundika mpaka vinakuwa mboji, halafu inawauzia watu wa mjini wenye bustani. Wanaiita Zoo Doo. Wanaoitaka ni wengi mpaka ikabidi wanunuzi wapatikane kwa bahati nasibu. Yaani mtu anaomba ashinde ili apewe nafasi ya kununua mbolea ya kinyesi! Na hapo bustani imeshaokoa gharama ya kubeba uchafu kwenda dampo.

Ila mfano ninaoupenda uko karibu zaidi, Mombasa. Haller Park ya Bamburi wengi mnaijua kwa sababu ya kiboko Owen aliyefanya urafiki na kobe Mzee baada ya tsunami ya 2004. Watu wakaipenda hadithi ya kiboko, wakasahau hadithi ya udongo. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Mawe ya matumbawe yamechimbwa, limebaki shimo jeupe lenye joto, maji ya chini yana chumvi, hakuna udongo hata wa kujaza kopo. Mwaka 1971 mtaalamu Mswisi, René Haller, akapewa kazi ya kuotesha miti humo. Akajaribu aina 26. Zilizosimama ni tatu tu, na iliyofanya vizuri zaidi ni mvinje.

Mivinje ikakua, ikamwaga majani. Sasa tatizo likawa majani yenyewe. Ni makavu, yana tanini nyingi, bakteria hawayawezi, yakarundikana chini bila kuoza. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu anayatafuna. Akakusanya majongoo kwa maelfu akawaachia mle ndani. Jongoo anakula jani, anatoa kinyesi, na kinyesi hicho bakteria wanakiweza. Ndivyo udongo ulivyoanza kutokea juu ya mwamba. Baadaye wakaletwa wanyama wala majani, nao wakaongeza samadi yao. Leo ukipita pale unaona msitu, huwezi kuamini palikuwa jiwe tupu.

Mimi nauliza hivi: kama jongoo na pofu waliweza kutengeneza udongo juu ya matumbawe, sisi wa Dodoma wenye mbuzi, ng'ombe na mabua kila kona tunakwama wapi?

Najua tunapokwama, kwa sababu na mimi nilikwama hapo, tena nikamkwamisha mtu.

Mwaka 2019 nilikuwa na kijana mmoja, nusu ekari ya nyanya, umwagiliaji wa matone, mkopo wa kikundi chao umo humo wote. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwa na shamba darasa la kuonyesha wakubwa. Akaniambia amepata samadi ya kuku wa nyama na ya mbuzi, imetoka bandani wiki hiyo hiyo. Nikamwambia mwaga, changanya na udongo, panda. Diploma ninayo, nilifundishwa kabisa kuhusu samadi mbichi, na bado nikasema mwaga.

Siku kumi baadaye miche ilianza kuungua pembeni mwa majani. Iliyopona ikaingiliwa na mchwa waliokuja kufuata majani makavu yaliyokuwa kwenye samadi ya mbuzi. Halafu yakaota magugu ambayo hakuwa nayo kabla, mbigili na mchicha pori, kwa sababu mbuzi anakula mbegu na kuzitoa zikiwa hai. Alinipigia simu akasema neno moja tu: "Umeniua." Sasa hivi anaendesha bodaboda mjini. Tukikutana ananisalimia vizuri, "Shikamoo bwana shamba," na anapita. Hajawahi kunilaumu tena, na nafikiri ningependa anilaumu.

Ndiyo maana nikiona lori la samadi mbichi linashusha shambani kwa kijana, tumbo linanisokota.

Na biashara hiyo imekua. Kilimo cha zabibu kimepanuka, mashamba makubwa ya vijana kama yale ya Chinangali yameanzishwa, wenye bustani za Hombolo na Mpunguzi wote wanataka samadi. Wafugaji wamegundua kuna hela zizini. Sina ugomvi na hilo, mfugaji naye ale. Ugomvi wangu ni kwamba kijana anayejiita mkulima wa biashara, anayepima mbegu kwa gramu, ananunua samadi kwa macho. Ananunua tripu. Ndani ya hiyo tripu kuna nini? Samadi nyingi ya zizini kwetu huku ni nusu mchanga. Chukua kopo moja uitie kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri kidogo, mwaga maji ya juu polepole. Kinachobaki chini ni mchanga ulioulipia nauli kutoka Bahi. Kisha hiyo iliyobaki imekaa juani miezi. Ile harufu inayochoma pua ukifungua zizi la kuku ni naitrojeni inaondoka zake hewani. Unanusa hela yako.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenzangu wa ugani hawatakubaliana nao: kijana mwenye zabibu au mbogamboga asimwage samadi mbichi shambani hata gunia moja. Kila samadi ipite shimoni kwanza. Kama huna nafasi ya kuivundika, bora usinunue.

Nishaambiwa mara nyingi kwamba mboji ni kilimo cha wazee, ni mambo ya miradi ya wafadhili. Pia kwamba kazi ni nyingi na kwenye ekari kumi za alizeti haiwezekani. La mwisho nakubali. Kwa ekari kumi za alizeti hutaweza, utahitaji tani na tani, chukua mbolea ya ruzuku na zungusha mazao ya jamii ya kunde. Na hata kwenye bustani sijasema utupe DAP na urea. Mboji haishindani navyo kwa nguvu ya virutubisho. Inachofanya ni kushika maji. Sisi tunapata kama milimita 570 za mvua kwa mwaka kwa wastani, zote kati ya Desemba na Aprili, na nyingine zinakuja kwa siku moja kama zimekasirika. Kwenye udongo wetu wa kichanga, ukiweka urea bila kitu cha kuishika, mvua moja kubwa inaipeleka chini mizizi isikofika. Hapo ndipo mboji inakulipa.

Tena hutandazi shamba zima. Unaweka kwenye shimo la mche au mtaro wa zabibu, pale pale mzizi ulipo. Mwenye nusu ekari ya nyanya anaweza kujitosheleza kwa mashimo mawili matatu.

Sasa kuhusu shimo, maana vitabu vingi vinaonyesha lundo la juu ya ardhi. Lundo ni la watu wa Lushoto na Njombe wenye mvua na ukungu. Hapa lundo la juu linakauka kabla halijaoza, linabaki nyumba ya mchwa. Wakati wa kiangazi chimba shimo, chini ya kivuli, karibu na maji. Kina kisizidi mita moja, upana mita moja na nusu, urefu unavyoweza. Likiwa dogo chini ya mita moja kila upande halipati joto. Mvua zikianza, hapo sawa, hamia juu, la sivyo shimo litajaa maji na kunuka.

Chini weka matawi membamba ili hewa ipite. Halafu mabua ya mtama au mahindi, na hapa ndipo vijana wanapotegea: yakatekate. Bua zima litakaa mwaka. Tabaka la mabua la shubiri moja hivi, juu yake samadi nusu ya kimo hicho, kama ya kuku pungua zaidi kwa sababu ni kali. Nyunyiza udongo kidogo wa juu, mwagia maji, rudia mpaka ujae. Maganda ya karanga, majani ya mlonge, mabaki ya mboga, vyote vinaingia. Kitaalamu tunatafuta kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni moja, lakini huna mizani hiyo, kwa hiyo tumia pua. Likinuka vibaya, samadi imezidi au maji yamezidi, ongeza mabua. Likikaa kimya bila joto, ongeza samadi au maji.

Maji: kamata konzi, kamua. Yatoke matone mawili matatu, sio kutiririka. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yanafaa kama hayana mafuta na dawa kali. Kwa wale wa Hombolo mnaotumia maji yenye chumvi, chunga, samadi nayo ina chumvi yake.

Funika kwa nyasi au turubai. Chomeka kipande cha nondo katikati. Baada ya siku nne tano kitoe ukishike. Kikikuunguza mpaka ukiachie, safi, uko kwenye nyuzi 55 hadi 65, na ndilo joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Kikiwa na uvuguvugu tu, kuna kitu hakijakaa sawa. Geuza baada ya wiki mbili au tatu, cha pembeni kiende katikati, kwa sababu mbegu ya mbigili iliyokaa pembeni haijapata joto. Geuza tena. Kwa miezi mitatu hivi utakuwa na kitu cheusi, kinachonukia kama ardhi baada ya mvua.

Usiniamini mimi wala harufu. Pima. Chukua makopo mawili, moja udongo mtupu, la pili udongo na mboji yako, panda mchicha. Kopo la mboji lisipoota vizuri, haijaiva, irudishe.

Wakulima wa zabibu, matawi mnayopogoa yenye magonjwa msiyaweke humo, yachomeni. Na wanaookota mabaki sokoni Majengo au Job Ndugai, wazo ni zuri sana, sehemu kubwa ya kinachopelekwa dampo la Chidaya ni chakula cha shimo lako. Ila chambueni pale pale sokoni. Nimeshatoa sindano kwenye mboji ya mtu.

Jambo moja kwa wanaofikiria masoko ya nje au hoteli. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, siku 90 kwa lisilogusa. Nyanya ya muda mfupi inaisha kabla ya hapo. Iliyovundikwa kwa joto linalotakiwa haina sharti hilo. Mnunuzi akikuuliza ulitumia nini, utajibu nini?

Hesabu ya kalenda sasa. Ukijaza shimo mwishoni mwa Agosti, mwisho wa Novemba limeiva, na mvua ya kwanza inakukuta una mboji mkononi. Ukianza Oktoba umechelewa kwa msimu huu, ila anza tu.

Yule kijana wa swali la simba ameshachimba lake. Jumamosi hii saa moja asubuhi tunalijaza pamoja kwenye bustani yao. Njoo na panga la kukatia mabua na dumu lako la maji, kisima chao kina foleni.