Ethi ya masika haitoshi kiangazi

MKULIMA wa Dodoma anajua tofauti ya udongo wa Februari na ule wa Oktoba bila kufundishwa na mtu. Februari jembe linazama lenyewe. Oktoba sururu inagonga na kurudi. Lakini mkulima huyo huyo anapoingiza umeme nyumbani, anamwacha fundi achomeke fimbo moja fupi kwenye udongo huo, fundi anaiita ethi, na kuanzia siku hiyo wote wawili wanaisahau.

Makala haya yanahusu fimbo hiyo. Kwa maoni yangu ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote katika nyumba na maduka yetu, hasa sasa ambapo nyumba moja ina umeme wa aina mbili: wa TANESCO na wa sola.

Jinsi tulivyofika hapa kila mtu anajua. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na nyaya zimefika vijiji vingi ambavyo zamani vilikuwa vikiona nguzo zikipita tu. Waliokuwa na sola kabla ya hapo hawakuitupa. Walioanza na TANESCO nao wameongeza sola, kwa sababu wanakumbuka mgawo wa mwaka 2006, ule wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Mwenye friji la maziwa au mashine ya kutotoleshea vifaranga hawezi kulala usingizi akitegemea waya mmoja. Huo ni uamuzi mzuri wa kibiashara. Tatizo ni namna unavyotekelezwa.

Oktoba ya mwaka jana nilikwenda kumsalimia mjomba wangu wilayani Kongwa. Ana duka, friji la vinywaji na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi. Mkewe alinipokea na kuniambia, "Mwanangu, hilo friji usilishike bila ndala, linarusha." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuonya kuhusu mbwa wa jirani. Walikuwa wakiishi hivyo tangu Agosti.

Nilimwomba mjomba tuite fundi mwenye leseni. Fundi alikuta makosa matatu. Ethi iliyowekwa wakati wa kufunga umeme wa TANESCO ilikuwa kipande cha nondo ya kujengea, urefu wa mita moja hivi, kimeliwa na kutu na kimesimama kwenye udongo mkavu kama unga. Fundi wa sola aliyekuja baadaye alichomeka fimbo yake upande wa pili wa nyumba, akaunga inveta na fremu za paneli huko, bila kuziunganisha fimbo hizo mbili. Tatu, hapakuwa na swichi ya kukata umeme unapovuja.

"Mpwa wangu," mjomba akalalamika, "mbona fundi wa kwanza aliwasha balbu kwa waya wa ethi nikaiona inawaka?"

Swali hilo linahitaji jibu, maana kipimo cha balbu kinatumika sana. Fundi anaunga balbu kati ya waya wa moto na ethi, ikiwaka anasema kazi imekwisha. Balbu ya wati 60 yenyewe ina ukinzani wa karibu omu 880. Hata kama ethi yako ni mbovu yenye omu 100, balbu hiyo itawaka vizuri tu. Inachothibitisha ni kwamba waya umegusa ardhi, basi.

Sasa tufanye hesabu. Umeme wetu ni volti 230. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, na ethi ikawa na omu 100, umeme utakaopita kwenda ardhini ni ampia 2.3. Breka ya ampia 20 haitashtuka kwa kiasi hicho, kwani kwake ni sawa na pasi ndogo inayotumika. Kwa hiyo umeme haukatiki, na bodi la friji linabaki na karibu volti 230 zote, likimsubiri mtoto aliyetoka kuoga. Wakati huo huo mita ya LUKU inahesabu. Ampia 2.3 kwa volti 230 ni wati 529, yaani zaidi ya yuniti 12 kwa siku zinazomwagwa udongoni. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba yuniti zake zinakwisha upesi aanze kutazama huko kabla ya kugombana na mtu.

Kwa nini Dodoma hasa? Kwa sababu ardhi hupitisha umeme kwa unyevu wake. Sehemu kubwa ya uwanda wetu hupata mvua milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki tabaka la juu la udongo hukauka, na ukinzani wake hupanda mara nyingi zaidi. Ethi iliyopimwa Februari ikaonekana safi inaweza kuwa haifai kitu Oktoba. Wapo hata mafundi wanaomwaga ndoo ya maji kwenye fimbo kabla ya kupima. Ndoo hiyo inakausha mfuko wako, kwa sababu wiki ijayo maji hayatakuwapo.

Dawa yake inajulikana. Fimbo iwe ya chuma kilichopakwa shaba, si nondo ya kujengea, na iwe ndefu. Fimbo ya mita 2.4 hufika kwenye udongo wenye unyevu ambao ile ya mita 1.2 haiugusi, na urefu ukiongezeka mara mbili ukinzani hupungua karibu nusu. Moja isipotosha, ongeza ya pili na ya tatu, zikiachana angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, kisha uziunganishe. Chagua mahali panapobaki na unyevu, kama vile maji ya bafuni yanapotokea. Wengine hujaza chumvi shimoni. Chumvi husaidia kwa muda, lakini huoshwa na mvua na huharakisha kutu. Udongo maalumu wa mfinyanzi uitwao bentonaiti hutunza unyevu kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, kwa udongo wetu usitegemee fimbo peke yake. Lazima iwepo swichi iliyoandikwa RCD au RCCB, ya milliampia 30. Breka ya kawaida inasubiri ampia nyingi, wakati swichi hii inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ikiona tofauti ndogo tu inakata haraka sana. Kwenye mfano wetu wa omu 100, uvujaji wa ampia 2.3 ni zaidi ya mara 70 ya kiasi kinachoishtua. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo sola inapoingiza utata ambao wengi hawaujui. Umeme wa TANESCO nyutro yake imeungwa ardhini kwenye transfoma, hivyo umeme unaovuja una njia ya kurudi na RCD inauona. TANESCO wakikata na nyumba ikahamia kwenye betri, chanzo ni inveta iliyo ukutani. Kama nyutro ya inveta haikuungwa na ethi ya nyumba, umeme hauna njia ya kurudi, na RCD yako inaweza kukaa kimya wakati hatari ipo. Baadhi ya inveta hufanya muungano huo zenyewe zinapohamia kwenye betri na kuuachia TANESCO wanaporudi. Nyingine hazifanyi, na zipo za bei nafuu ambazo haziruhusu kabisa kuungwa hivyo. Fundi asome kitabu chake, asibahatishe.

Kwa kifupi, nyumba yenye umeme wa aina mbili inahitaji mambo manne. Kwanza, ethi zote, ya TANESCO, ya inveta na ya fremu za paneli, zikutane mahali pamoja. Pili, iwepo swichi ya kubadilishia, ile mafundi wanayoiita chenjiova, inayohamisha waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Waya wa ethi haukatwi na swichi yoyote. Tatu, RCD iwekwe baada ya swichi hiyo ili ilinde upande wowote unaotumika. Nne, mtu asichomeke kamwe inveta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda akijua laini imezimwa.

Kuacha ethi mbili bila kuziunganisha kuna hasara nyingine, nayo huonekana Desemba. Mvua za kwanza huja na radi. Radi ikipiga jirani, ardhi ya upande mmoja wa nyumba inaweza kuwa na volti nyingi kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo hupita katikati ya inveta. Asubuhi mwenye mali anasema ameuziwa inveta feki. Ethi iliyounganishwa haizuii radi inayopiga paa moja kwa moja, lakini inapunguza sana hasara za namna hii.

Najua nitaambiwa kwamba hizi ni gharama za watu wa mjini. Kazi yote kwa mjomba, fimbo tatu, RCD, chenjiova na ufundi, haikufikia bei ya betri yake moja. Mtu anayelaza mamilioni kwenye paneli, friji na pampu, kisha akabana matumizi kwenye fimbo, anafanana na anayejenga ghala la mahindi Kibaigwa akaacha kuweka mlango. Rahisi ni ghali.

Lakini lawama zote si za mkulima. Fundi wa TANESCO huja siku ya kuunganisha. Sola huongezwa miaka miwili baadaye, na mara nyingi hakuna anayerudi kukagua. EWURA hutoa leseni za mafundi wa umeme, lakini kijijini bado tunaajiri yeyote mwenye koleo. Hapa naona nafasi ya vyama vyetu. SACCOS na vikundi vinavyokopesha wanachama fedha za kununulia sola viweke sharti moja rahisi: sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi isitoke mpaka alete namba ya leseni na karatasi ya vipimo vya ethi, vilivyochukuliwa kwa kipimo halisi badala ya balbu, na kurudiwa kati ya Septemba na Novemba. Chama kinachokopesha kina sababu ya kudai hivyo, kwani inveta ikiungua au mwanachama akifa, mkopo unabaki bila mlipaji. Kipimo kimoja kinaweza kununuliwa na chama na kutumiwa na kijiji kizima.

Friji la mjomba sasa halirushi. Mkewe bado hulishika akiwa amevaa ndala, kwa mazoea. Ninachowaomba wasomaji ni kitu kidogo: kabla mvua za Desemba hazijalainisha ardhi na kuficha ubovu, mwite fundi mwenye leseni apime ethi yako ikiwa kavu.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, anaishi Dodoma.