Ilani ya Chaka: Rejista ya Darasa Isomwe na Daktari

Sisi wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa nyanjani wa Chaka na vijiji jirani vya Kieni tunaanzisha vuguvugu hili kwa sababu moja. Mtoto huugua nyumbani, akakosa shule, na pengine siku kadhaa hupita kabla ya kupelekwa hospitalini. Siku hizo hakuna anayezihesabu, na ndizo ugonjwa unazotumia kuenea.

Kenya haikosi mfumo wa kuripoti magonjwa. Tangu 2011 vituo vya afya huingiza takwimu katika mtandao mmoja wa taifa, na fomu ya MOH 505 hujazwa kila wiki. Kipindupindu kikishukiwa, sharti kiripotiwe papo hapo. Lakini yote hayo humngoja mgonjwa afike kituoni. Mtoto anayeharisha, aliyebaki kwa nyanya yake akinyweshwa maji ya chumvi na sukari, hayumo katika hesabu hiyo. Kwenye rejista ya Gredi ya Nne yumo: jina lake liliitwa asubuhi, pakawa kimya, mwalimu akatia alama.

Milipuko tumeiona. Aprili 2023 Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kakamega, ilifungwa mamia wakiwa wameugua. Wanafunzi watatu na mwalimu mmoja walifariki. Mlipuko wa kipindupindu wa Oktoba 2022 nao ulianzia kwenye harusi Limuru, ukasambaa kaunti nyingi. Chaka iko kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, ina reli na soko. Ugonjwa hauhitaji siku nyingi kutufikia.

Tunadai hivi. Kabla ya saa nne asubuhi, kila shule itume kwa afisa wa afya ya umma idadi ya waliokosa kwa kila darasa, na wangapi wana homa, kikohozi au kuharisha. Majina yasitumwe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto, nasi hatutakubali aaibishwe. Idadi hiyo ilinganishwe na ya siku kama hiyo wiki zilizotangulia, kwa maana wakati wa kuvuna viazi madawati hubaki matupu bila ugonjwa wowote, na baridi ya Julai ina vikohozi vyake. Ikipanda ghafla, mhudumu wa nyanjani abishe hodi siku hiyo hiyo. Simu anayo, aliyokabidhiwa pamoja na vifaa vya kazi tangu Septemba 2023. Posho yake nayo ilipwe kwa wakati.

Jambo tunalolishikilia kuliko yote ni jibu. Mwalimu akituma takwimu kila siku asisikie lolote, atachoka, na atakuwa na haki ya kuchoka. Ofisi ya afya imwambie ilichokikuta: maji yamechafuka, ni mafua tu, au chanjo inakuja.

Mwalimu mkuu, usingoje waraka kutoka Nairobi. Anza Jumatatu. Nawe mzazi, mwanao akiugua, mwambie mwalimu anaugua nini.