Barafu ya Paani Huanzia Ndani

Mwezi huu naongea na ninyi mlioko majuu, hasa mliobeba boksi mpaka mkapata nyumba yenu wenyewe kule Minnesota, Boston au Toronto. Hongereni! Ila kabla theluji haijaanza, kaeni wawili mezani muongee kuhusu paa.

Najua, paa siyo mada ya mahaba. Lakini ngoja maji yawadondokee kitandani mwezi wa pili. Mmoja atasema, "Si nilikwambia?" Mwingine atajibu kuwa hela zote zilikwenda kwenye ile nyumba mnayojenga Bongo. Usiku huo mtu analala kwenye sofa!

Vile vijiti vya barafu vinavyoning'inia ukingoni mwa paa vinapendeza kwenye picha, lakini mara nyingi ni dalili mbaya. Joto la hita, mnalolilipia kila mwezi, linapenya darini na kupasha paa. Theluji inayeyuka, maji yanateremka hadi ukingoni, na kwa kuwa pale ni baridi yanaganda tena. Taratibu panajengeka ukuta wa barafu. Maji yanayofuata yakikosa njia yanarudi nyuma, yanapita chini ya vigae na kuingia ndani. Boston walilijua hilo vizuri msimu wa baridi wa 2014–2015, ulipoangusha theluji ya sentimita 281 hivi, rekodi ya mji huo.

Wengi hukimbilia ngazi na shoka. Jamani! Mtu katoka zamu ya usiku, kachoka, anapanda paa lenye utelezi. Akinusurika kuvunja kiuno, atavunja vigae. Chumvi nayo hula chuma cha mifereji na kuua maua yenu.

Dawa iko darini, na ina hatua tatu. Kwanza, zibeni mianya yote inayopitisha hewa ya moto: kuzunguka mabomba, taa za dari na mlango wa kupandia huko juu. Pili, ongezeni pamba ya kuzuia joto. Nyumba mpya Minnesota hutakiwa kufikia kipimo cha R-49, yaani unene wa sentimita 35 hadi 50 kutegemea aina. Tatu, hakikisheni matundu ya hewa ya ukingoni na kileleni hayajazibwa, na feni ya bafuni inatoa mvuke nje, siyo darini.

Theluji ikiwawahi, tumieni reki ya mpini mrefu mkiwa mmesimama chini, mbali na nyaya za umeme. Vuteni theluji ya mita moja hivi kutoka ukingoni. Maji yakishaanza kuingia, mwiteni fundi mwenye mashine ya mvuke.

Bajeti ikibana, anzeni na kuziba mianya. Ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote. Halafu someni pamoja karatasi za bima, maana zipo zinazolipia dari iliyoharibika lakini siyo kuondoa barafu yenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Theluji ya paani haikuwahusu, lakini ndoa na nyumba walizijua. Kwa hiyo wikiendi hii mmoja ashike tochi, mwingine apande darini. Tukutane mwezi ujao!