Miezi mitatu ya kazi si uvivu



Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 104 wa makabila ya asili, wanaojulikana kama Adivasi. Ni asilimia 8.6 ya watu wote wa nchi ile. Ukichukua jedwali la kijiji chao kimoja, tuseme kijiji kidogo cha msituni huko Chhattisgarh, utakuta idadi ya kaya, wanaume, wanawake na watoto. Kisha utakuta wafanyakazi wamegawanywa mafungu mawili. Aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi kwa mwaka ni mfanyakazi mkuu. Aliyefanya chini ya hapo ni wa pembeni, na mara nyingi huyo ni mwanamke.

Hapo ndipo ndimi huteleza. Mtu husema: "Kumbe ni wavivu, ndiyo maana ni masikini."

Ndugu yangu, usiharakishe kuhukumu. Ufuate kwanza mwaka wao. Mvua huanza Juni, mpunga hupandwa, na mavuno huja kwenye Novemba. Pasipo na maji ya kumwagilia, shamba limemaliza kazi yake. Machi na Aprili maua ya mti wa mahua huanguka usiku. Alfajiri mama yuko chini ya mti na kikapu, anaokota, kisha ataanika na kuuza gulioni. Likija joto kali, ni zamu ya majani ya tendu, yanayotumika kusokota sigara za bidi. Huchumwa jani kwa jani na kufungwa vifurushi vya majani 50. Wengine, mavuno yakiisha, hufunga safari na watoto wao kwenda kufyatua matofali mbali na kwao.

Na kupika na kulea watoto, jambo analolifanya kila siku, halikuhesabiwa kuwa kazi.

Je, huyu ni mvivu?

Wapo watakaouliza: basi takwimu ni uongo? Hapana. Sensa inahitaji kipimo kimoja kwa watu wote. Tatizo ni sisi tunaosoma miezi ya kazi tukadhani tunasoma tabia ya mtu. Na tofauti hiyo si ndogo. Ukimwona mvivu, utampelekea mawaidha. Ukielewa kwamba msimu umemfungia mlango, utafikiria kisima, bei ya haki ya maua yake, na haki yake ya kuingia msituni. Ndiyo maana sheria ya India ya mwaka 2006 ilitambua haki ya wakazi wa misitu kukusanya na kuuza mazao madogo ya msitu, na ile ya 2005 iliahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi ya ujira.

Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba kubeba mzigo wa kuni mgongoni na kuuza ni bora kuliko kuomba watu. Hakuuliza kuni zile zinauzwa miezi mingapi. Na heshima hii ya jasho haichagui kabila wala dini.

Basi kabla hujamwita masikini mvivu, muulize: msimu wako ukoje? Ukishajua, ndipo useme, ndipo utoe.

Wabillahi tawfiiq.