Setilaiti yafika Isiolo, uhuru wa kuchagua bado

Visahani vya runinga ya setilaiti ni jambo la kawaida juu ya mapaa ya mabati mjini Isiolo, kuanzia Bulla Pesa hadi Wabera. Katika vituo vya biashara vilivyo mbali na mji, ambako minara ya mawasiliano ni adimu, mara nyingi kisahani ndicho kiungo cha pekee kati ya wakazi na picha za ulimwengu.

Kwa miaka kadhaa sasa, kampuni za utangazaji zimekuwa zikiahidi jambo la ziada: kwamba mtazamaji hatalazimika tena kusubiri saa ya kipindi, bali ataitisha filamu aitakayo, wakati autakao. Swali ni je, ahadi hiyo ina mustakabali gani katika kaunti kama Isiolo, ambayo makao yake makuu yako yapata kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi?

Jibu linategemea ukweli mmoja wa kiufundi. Setilaiti ya matangazo husema, lakini haisikii. Ikiwa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, humwaga mawimbi yale yale juu ya eneo zima la bara. Kisahani cha nyumbani hupokea tu. Hakiwezi kutuma ombi. Kwa sababu hiyo, gharama ya kurusha matangazo haibadiliki, watazamaji wawe kumi au milioni kumi. Hiki ni chombo kisicho na kifani kwa mechi ya moja kwa moja, lakini ni kigumu kwa mtu mmoja anayetaka filamu yake mwenyewe saa nne usiku.

Ili kukwepa kizingiti hicho, kampuni zilibuni mbinu ya kuhifadhi. Sky ya Uingereza iliitumia katika huduma ya Sky Anytime mwaka 2007, na DStv ikaiendeleza kupitia king'amuzi cha Explora, kilichozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2013 kabla ya kuletwa Kenya. Ndani ya king'amuzi huwekwa diski. Kampuni hutuma filamu kutoka angani, zikahifadhiwa humo kimyakimya. Mtazamaji anapobonyeza kitufe, filamu haitoki mbinguni. Imo tayari ndani ya kisanduku kilicho mezani pake.

Kwa maneno mengine, anachagua kutoka kwa kapu ambalo limekwisha kujazwa na mtu mwingine. Hapo ndipo matatizo ya Isiolo yanapoanzia.

Kwanza, diski ina mwisho. Kinachopewa nafasi ni kile kitakachouzika katika masoko makubwa kama Johannesburg na Nairobi. Filamu za Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu, ambazo ndizo lugha za wakazi wengi wa kaunti hii, zina matumaini madogo ya kupenya.

Pili, king'amuzi cha aina hii hufaa kiachwe kwenye umeme ili kipokee vipindi hata usiku. Isiolo ni miongoni mwa kaunti 14 zilizoingizwa katika mradi wa serikali wa umeme wa jua kwa maeneo yaliyo nje ya gridi. Familia inayotegemea paneli na betri ndogo huzima kila kitu kabla ya kulala. Kapu lao hubaki tupu.

Tatu, kuna mpinzani ambaye kampuni hazipendi kumtaja. Katika miji mingi ya Kenya, mteja huingia dukani na kifaa kidogo cha kuhifadhia data, akajaziwa filamu kwa malipo madogo, nyingi bila idhini ya wenye haki. Biashara hiyo ni kinyume cha sheria ya hakimiliki, lakini inampa mteja kile ambacho setilaiti imeshindwa kumpa: nafasi ya kuomba akasikilizwa.

Huko ng'ambo, tatizo la setilaiti kutosikia limetatuliwa kwa kuunganisha king'amuzi na intaneti. Sky ilifanya hivyo kuanzia 2010, nayo DStv ikatoa Explora Ultra yenye Netflix ndani yake mwaka 2020. Hivyo basi, mustakabali wa huduma hii hauko angani tena. Uko kwenye njia ya kurudishia ombi.

Njia hiyo inakuja Isiolo, ila kwa hatua zisizolingana. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, unajumuisha kebo ya faiba kwenye njia hiyo ya takriban kilomita 740. Lakini barabara hiyo inaelekea Kulamawe na Modogashe. Merti iko kando kaskazini, na Oldonyiro iko magharibi.

Kwa maeneo kama hayo, tumaini la karibu ni setilaiti za aina nyingine, zinazozunguka chini na zinazosikia. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka 2024 ikatangaza kifurushi cha gigabaiti 50 kwa Sh1,300 kwa mwezi. Hata hivyo, hesabu ni muhimu. Filamu yenye picha safi hutumia hadi gigabaiti 3 kwa saa. Gigabaiti 50 zingetosha takriban saa 16, yaani kama nusu saa kwa siku kwa nyumba nzima.

Wakati huo huo, pesa za kampuni zinahama. MultiChoice, mmiliki wa DStv, ilipoteza wateja milioni 1.2 katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025, ikabaki na milioni 14.5. Septemba mwaka huo ikawa mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Iwapo uwekezaji utaelekezwa kwa wenye intaneti ya kasi, mtazamaji wa Merti atabaki na vilivyosalia, ilhali naye hulipa ada.

Wakenya wanakumbuka yaliyotokea Januari 2009, GTV ilipofunga biashara ghafla na kuwaachia wateja vifaa visivyo na kazi. Anayenunua king'amuzi cha bei ghali leo hana budi kuuliza mapema: je, huduma hii yafanya kazi bila intaneti? Na kampuni ikiondoka, kifaa hiki kitanifaa nini?

Serikali nayo ina wajibu. Hazina ya huduma za mawasiliano kwa wote ilianzishwa kupitia sheria ya 2009, mahsusi kwa maeneo ambayo soko huyapuuza. Kebo ya faiba ikipita bila matawi ya kuingia shule, masoko na vituo vidogo, itakuwa kama bomba la maji linalokatiza malisho kuelekea mji wa mbali.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Watazamaji wa Isiolo wamengoja vya kutosha. Setilaiti itaendelea kuwaletea mpira na habari kwa muda mrefu ujao, lakini uhuru wa kuchagua hautawashukia kutoka angani. Utafika kwa njia iliyochimbwa ardhini, au kwa intaneti ambayo bei yake mfugaji anaweza kuimudu.